Chupa Tano Ukingoni mwa Ziwa Albert

Jioni ya tarehe 29 Aprili 1888 meli ndogo ya mvuke, Khedive, ilitia nanga kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Albert, karibu na kambi ya Nsabe katika nchi ya chifu Kavalli. Ilimleta Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Silesia aliyekuwa gavana wa Ekwatoria kwa niaba ya Misri, pamoja na Kapteni Gaetano Casati, Mwitalia. Aliyekuwa akiwasubiri ufukweni ni Henry Morton Stanley, kiongozi wa msafara uliotumwa kumwokoa Emin. Giza lilikuwa limekwisha kuingia. Wapagazi walifyatua bunduki hewani kwa furaha, wageni wakakaribishwa, na zikafunguliwa chupa tano ndogo za champagne ambazo Stanley alikuwa amepewa zawadi na rafiki yake Greshoff, mfanyabiashara Mholanzi wa mto Kongo. Wakanywa kuwatakia afya Emin na Casati.

Ukisimama leo katika mji wa Bunia, mkoani Ituri, ukatazama mashariki, mahali hapo pako chini ya ukingo wa bonde la ufa, upande wa Kasenyi. Mji wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Lakini divai nyeupe ilikuwa imekwisha kufika Ituri, na namna ilivyofika inastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu vitabu vingi husimulia midomo iliyokunywa na kuyapita mabega yaliyobeba.

Champagne hutoka kaskazini-mashariki ya Ufaransa, nchi ya baridi ambako zabibu huiva kwa shida na kubaki na uchachu mwingi. Chini ya mashamba yake kuna mwamba wa chaki, mweupe na mlaini, uliojengwa na mabaki ya viumbe wadogo sana walioishi katika bahari iliyofunika nchi ile zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Leo bahari iko mbali, lakini mizizi ya mizabibu bado inachimba katika sakafu yake. Chaki hunyonya maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, kwa hiyo mzabibu haufi kwa kiu wala haulewi kwa maji. Hapo ndipo ilipo siri ya udongo. Wanywaji wengi huamini kwamba chumvi na mawe ya ardhini hupanda moja kwa moja hadi kwenye glasi. Mambo hayaendi hivyo. Udongo huamua mti unapata maji kiasi gani na unakua kwa kasi gani, na ubaridi wa usiku huamua uchachu utabaki kiasi gani. Ndiyo maana watu wa divai husifu pia mashamba yaliyo karibu na bahari iliyo hai: mchanga wa mawe ya granite huko Galicia, majivu ya volkano ya kisiwa cha Santorini. Upepo wa baharini hupoza zabibu, udongo mwepesi huzinyima anasa, na divai inayotoka huwa nyeupe, kavu, yenye uchachu wa kuamsha ulimi.

Sasa fikiria kitu kama hicho, kilichozaliwa na baridi, kikisafirishwa chini ya miti ya Ituri.

Msafara wa Stanley uliandikisha watu wake Zanzibar mwezi Februari 1887. Wazanzibari zaidi ya 600 walipandishwa meli Madura pamoja na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, na watu wake, wakazungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, kisha wakaupanda mto hadi Yambuya. Tarehe 28 Juni 1887 kikosi cha mbele cha watu 389 kiliingia msituni. Walioufikia ukingo wa ziwa mwezi Desemba hawakufika nusu ya hao. Wengine walikufa kwa njaa na vidonda, kwa mishale ya wenyeji waliokuwa wakilinda mashamba yao ya ndizi yasiporwe, na wengine waliachwa katika vituo vya wafanyabiashara wa pembe za ndovu, kwa Ugarrowwa na kwa Kilonga-Longa. Kuna walionyongwa kwa kutoroka na bunduki. Na walipofika ziwani mara ya kwanza hawakumkuta Emin wala hawakuwa na mtumbwi wa kumfuata. Wakarudi nyuma msituni, wakajenga Fort Bodo mapema mwaka 1888, wakaichukua mashua yao ya chuma iliyokuwa imebaki nyuma, wakaibeba vipande vipande hadi majini.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu wa jamii ya Kiislamu ya Zanzibar na mrima wake. Kilevi kilichokuwa ndani ya mizigo hakikuwahusu. Walikuwa wakila mihogo michungu, tena walipoipata, na juu ya vichwa vyao walibeba risasi, shanga, dawa, na mahali fulani katikati ya vitu hivyo, divai ya watu wa hemani. Wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kuwaita hawa watu wetu. Lugha ninayoandika sasa iliingia Ituri kwa miguu yao na ya waungwana waliowatangulia kutafuta pembe, na haikuingia kwa upole.

Jambo moja la usiku ule wa Nsabe huwa linanigusa. Emin, aliyekuja kuokolewa, alishuka akiwa nadhifu, mavazi yake meupe yamefuliwa. Waokoaji walikuwa matambara. Siku zilizofuata ni yeye aliyewapa nguo, nafaka, chumvi na tumbaku. Chupa tano zilikuwa miongoni mwa zawadi chache ambazo msafara mkubwa kiasi hicho uliweza kumpa bila kuona haya, na huenda ndiyo sababu Stanley alikumbuka kuziandika.

Emin hakutaka kuondoka. Aliondolewa hatimaye mwaka 1889, akaongozwa kuelekea pwani, na njiani Mapadri Weupe wawili, Girault na Schynse, walijiunga na msafara. Desemba 4 walifika Bagamoyo. Wajerumani waliwaandalia karamu, divai ikamiminwa tena, hotuba zikatolewa, na usiku huo huo Emin, aliyekuwa na macho mabovu, alianguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu. Alipona. Akarudi bara, na mwaka 1892 aliuawa mashariki mwa Kongo.

Champagne ya Nsabe ilikuwa divai ya sherehe: inafunguliwa mara moja, inasahauliwa. Padri Schynse alitoka katika shirika lenye divai ya aina nyingine, ile isiyoweza kukosekana hata asubuhi moja. Hiyo ndiyo iliyokuja kukaa Bunia.

Shirika la Mapadri Weupe lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers. Nyumba yake mama ilikuwa Maison-Carrée, karibu na mahali mto Harrach unapoingia baharini, pale uwanda wa Mitidja unapoikuta ghuba ya Algiers. Njaa ya mwaka 1867 na 1868 ilikuwa imewaachia Waalgeria maelfu ya yatima. Lavigerie aliwakusanya wengi, akaanzisha utume wa mabradha na masista wa kulima, na ardhi ile ya karibu na bahari ikawa mashamba. Mizabibu ilistawi. Wakati huo huo mdudu filoksera alikuwa akiyaangamiza mashamba ya Ufaransa, na Algeria ikageuka kuwa ghala la divai la watawala wake. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa na karibu hekta 400,000 za mizabibu, na hakuna nchi duniani iliyouza nje divai nyingi kuliko hiyo. Ni historia chungu. Wenyeji wake ni Waislamu, na ardhi bora ya ngano iligeuzwa kuotesha kitu wasichokunywa. Mashamba ya Maison-Carrée yalikuwa sehemu ndogo ya mpango huo mkubwa, nasi tuliobatizwa na watu wa nyumba ile hatuna budi kulikumbuka hilo pia.

Divai iliyowapa Mapadri Weupe sifa ilikuwa ya zabibu za muscat: nyeupe, tamu, yenye harufu kali ya maua. Haikuwa ile kavu ya kuamsha ulimi, na kulikuwa na sababu. Divai nyeupe nyepesi huharibika upesi kwa joto. Safari ndefu kichwani mwa mpagazi inaweza kuigeuza siki. Sheria ya Kanisa nayo haikubali mzaha: divai ya misa lazima iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, isiwe imeharibika. Siki si halali. Padri mwenye chupa iliyochacha ana altare, ana waumini, hana misa. Kwa ajili hiyo Roma iliruhusu mwaka 1896 divai iongezwe pombe kali iliyotokana na zabibu zenyewe ili idumu, ilimradi jumla isizidi asilimia 18. Divai tamu yenye nguvu husafiri. Na nyeupe ilipendwa na wengi kuliko nyekundu kwa sababu ya kawaida kabisa: haiachi madoa kwenye vitambaa vya altare.

Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe kuja kwetu ulikuwa wa watu kumi. Uliondoka Bagamoyo Juni 1878. Agosti, katika safari ya kuvuka Ugogo na nyika inayofuata, Padri Pascal alikufa kwa homa. Waliobaki waligawanyika: wengine Tanganyika, wengine Nyanza. Siméon Lourdel na Bradha Amans walifika Buganda Februari 1879. Kila kundi lilipaswa kubeba divai yake kwa sababu kati ya bahari na maziwa haya hapakuwa na shina moja la mzabibu la kutegemea, na kila kikombe kilichoinuliwa Buganda kilikuwa kimepita mikononi mwa Wanyamwezi na watu wa mrima waliolipwa kwa vitambaa.

Ukristo ulivuka kuja Ituri kutoka upande huo huo wa mashariki. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda wa Kianglikana, alifika Mboga, kusini mwa Bunia, akiwa na jembe na vitabu, akapigwa, akafungwa, akaendelea. Mwaka 1912 wamisionari wa Africa Inland Mission walifungua kituo Kasengu, upande wa Mahagi, wakiwa na msimamo mkali dhidi ya pombe. Hata leo katika Ituri unaweza kutambua historia ya familia kwa kilichomo katika kikombe chao cha Jumapili.

Upande wa Wakatoliki, Roma ilitenga Prefektura ya Kitume ya Ziwa Albert mwaka 1922, ikaifanya Vikarieti mwaka 1933, na mwaka 1959 ikawa Jimbo la Bunia. Aliyeiongoza tangu miaka ya 1920 hadi miaka ya 1960 ni Alphonse Matthijsen, Padri Mweupe. Wakati huo dhahabu ya Kilo na Moto ilikuwa imekwisha kuleta barabara, na uongozi wa Wabelgiji ulikuwa ukihamia Bunia kutoka Irumu. Mzigo kutoka Bahari ya Hindi uliweza kufika kwa njia ambayo, ukiifuata kwenye ramani, inachosha hata macho: reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, meli kuvuka Nyanza hadi Jinja, reli fupi hadi Namasagali, meli tena Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, lori hadi Butiaba, na meli ya tatu kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi au Mahagi. Tangu mwaka 1930 meli kubwa ya ziwa ilikuwa Robert Coryndon. Kutoka Kasenyi, ambako ziwa liko karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari, lori lilipanda kingo hadi Bunia, karibu mita 1,280. Mabega yalikuwa yamepewa nafuu, ingawa kila badiliko la chombo lilihitaji kuli wa kupakua na kuli wa kupakia. Kisha mvua za mwaka 1961 na 1962 zikapandisha maziwa yote. Bandari ya Butiaba ikamezwa na maji, Robert Coryndon ikaangamia, na njia hiyo haikufufuka.

Mwaka huo wa 1962 Algeria ikapata uhuru wake. Mizabibu ya pwani ya Algiers haikuwa tena ya watu waliotuletea misa.

Kwa nini Bunia haikupanda zabibu zake? Si kwa uvivu, wala udongo wa Ituri si mbaya. Muulize anayelima kahawa Mahagi au maharage Djugu. Kinachokosekana ni kiangazi. Mzabibu unataka kupumzika: ama kwa baridi, kama Ulaya, ama kwa ukame mrefu. Huku mvua hutuacha kwa muda mfupi tu kati ya Desemba na Februari, na mti usiolala hutoa majani mengi, ukungu hushika vichala kabla havijaiva, sukari haipandi. Mmea mmoja uani unawezekana. Shamba la divai ni jambo jingine.

Vinywaji vyetu vyenyewe havikukosekana kamwe. Kuna kasiksi ya ndizi, kuna mandale, kuna lotoko linalokereketa koo, na huko msituni watu hugema michikichi. Posa, matanga, upatanisho wa koo mbili zilizomwaga damu: vyote vina kinywaji chake, na watu hunywa kutoka chombo kimoja. Ndiyo maana swali lilipoulizwa na wanateolojia wa Kiafrika, akiwamo Jean-Marc Ela wa Kameruni, halikuwa swali la utundu: kwa nini meza ya Bwana katika nchi ya mtama na ndizi iwe lazima ya ngano na zabibu kutoka ng'ambo? Kongo ilikwenda mbali kuliko wengi. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na kwa hiyo mababu huitwa mwanzoni mwa misa, watu hucheza kuizunguka altare, amani hupeanwa baada ya kutubu. Lakini mkate na divai havikuguswa. Kanuni ya 924 ya mwaka 1983 imesema tunda la mzabibu, na ndivyo ilivyobaki. Binafsi naona uamuzi huo una uzito wake, kwa kuwa unatuunganisha na meza ile moja ya Yerusalemu. Lakini nasisitiza kwamba una gharama, na gharama hiyo haijawahi kulipwa na waliouandika.

Imelipwa, kwa mfano, mwaka 2003. Vita vya Ituri vilikuwa vimefunga barabara pande zote. Mwezi Mei, mapigano yalipoingia mjini, mapadri wawili wa parokia ya Nyakasanza waliuawa pamoja na watu waliokuwa wamekimbilia kwao. Juni walikuja askari wa Ulaya wa operesheni Artemis. Mji uliokuwa ukihesabu maiti ulihitaji kwanza unga, chumvi na dawa, na divai ya misa ilipaswa kupita njia zile zile za hatari.

Wakati huo, katika nchi ile ile ya Ugogo ambayo msafara wa mwaka 1878 ulipita ukiwa na mgonjwa wake, jambo lilikuwa limekwisha kutokea. Wamisionari Waitalia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, kabla ya uhuru, kwa ajili ya misa. Ikashika. Ugogo ina kile ambacho Ituri haina: miezi mingi bila tone la mvua, udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 unaopoza usiku. Mkulima huulaza mzabibu kwa ukame na kuuamsha kwa kuupogoa, hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu iliyozoea huko iliitwa Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti. Nyeupe ni Chenin Blanc, mbegu ya bonde la Loire huko Ufaransa, na ilichaguliwa vizuri, kwa sababu hushikilia uchachu wake hata kwenye joto. Serikali ilianzisha kampuni ya DOWICO, ikafanya kazi, ikafa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya CETAWICO ilianza kukamua Hombolo, na wakulima wadogo waliokuwa wakitupa zabibu kwa kukosa soko wakapata pa kuziuza, ingawa kilio cha soko bado husikika Dodoma kila msimu.

Chenin ya Dodoma ni nyeupe, na inapotengenezwa kwa uangalifu huwa kavu na yenye ule uchachu ambao chupa za Greshoff zilikuwa nao. Hakuna bahari karibu. Udongo wa kichanga hufanya kazi ambayo chaki hufanya Champagne na mchanga wa granite hufanya Galicia: unaunyima mti anasa. Lori linaloondoka Dodoma linaweza kupita Mwanza, Bukoba, Mutukula na Kampala, kisha kuingia Kongo kwa Mahagi na kushuka hadi Bunia, na dereva wake anaweza kuzungumza Kiswahili sehemu kubwa ya barabara. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, soko moja na Tanzania, angalau kwenye karatasi. Maaskofu wa nchi hizi hukutana. Ningependa kuona parokia za Ituri zikiagiza divai yao ya misa kwa wakulima wa Hombolo na Bihawana, ikiwa na hati ya askofu mkuu wa Dodoma kwamba ni halali, ushuru wa mpakani umeandikwa wazi, na jina la aliyevuna limebandikwa kwenye katoni.